Je, Wajua? Simulizi za Simuni na Mtunzi Aliyeko Zagayu

Je, wajua kwamba riwaya nzima ya Kiswahili, ya maneno 80,000, ni nyepesi kuliko picha moja uliyopiga kwa simu yako? Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini, na kwenye kompyuta kila herufi ya namna hiyo huchukua baiti 1. Herufi ya Kichina kwa kawaida huchukua 3. Piga hesabu ya maneno hayo, kila neno herufi sita au saba pamoja na nafasi yake, hutafika megabaiti 1. Picha ya kamera kabla haijabanwa huwa na megabaiti 2 au zaidi. Kwa hiyo mtu aliyeko Zagayu, kata ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, anaweza kurusha kitabu chake chote kwa bando dogo kuliko la kutazama video moja ya muziki.

Waliotangulia hawakuwa na bahati hiyo. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 huko Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke ukiwa umesimama Busega. Riwaya yake ya Kikerewe aliikamilisha mwaka 1945. Hakupatikana wa kuchapa kitabu kinene kwa lugha ya watu wachache, basi mzee akaketi mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikuja kukitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi. Shaaban Robert naye alikufa 1962, na riwaya yake Kufikirika ikatoka 1967. Wapo watakaokwambia kwamba kusubiri hukomaza kazi. Miaka 35 aliyosubiri Kitereza haikomazi chochote.

Je, wajua kuwa kutoa riwaya kipande kwa kipande si jambo la simu? Charles Dickens alianza hivyo mwaka 1836, wasomaji wa Uingereza wakinunua The Pickwick Papers kila mwezi kwa shilingi moja ya wakati huo. Hapa kwetu, aliyewafundisha watu wengi kusubiri ni Eric Shigongo, ambaye hadithi zake ziliendelea toleo hadi toleo katika magazeti ya Global Publishers kama Uwazi na Ijumaa. Mtu alinunua gazeti, akaruka habari zote, akaenda moja kwa moja kwenye hadithi. Mwaka 2020 Shigongo alichaguliwa mbunge wa Buchosa. Sidai kwamba hadithi ndizo zilizompa kura, ila jina halikuwa geni kwa wapiga kura.

Leo gazeti limehamia Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini umbo ni lile lile. Tazama sehemu moja ya simulizi inavyokuwa. Juu kabisa jina la hadithi kwa herufi kubwa. Chini yake MTUNZI, kisha namba ya simu. Halafu SEHEMU YA 7. Halafu ILIPOISHIA, mistari mitatu ya kumkumbusha aliyesahau. Kisha SASA ENDELEA. Na mwisho, mkono ukiwa umeshashika kitasa na mlango haujafunguliwa, ITAENDELEA. Hapo ndipo wasomaji wanapoanza kulalamika kuwa wana arosto, na mmoja anaandika, “Mkuu, shusha nyingine.” Chapisho moja la Facebook hubeba hadi herufi 63,206, kwa hiyo mtunzi angeweza kumwaga sura tano kwa mpigo. Mwenye akili hafanyi hivyo.

Usukumani ufundi huu una umri mrefu. Ile ngano ya Masala Kulangwa na dimwi Shing'weng'we, lililomeza watu wote likamkosa mama mmoja mjamzito, imejengwa kwa vipande tayari. Mtoto anakua, anauliza baba yuko wapi, anaambiwa kamezwa. Anatoka, anaua panzi, anarudi kwa shangwe: mama, nimeliua! Hapana mwanangu, huyo ni panzi tu. Anatoka tena, anaua ndege, kisha mnyama, kila mara mkubwa kuliko wa jana, na kila mara jibu ni hapana. Ukitaka kujua namna ya kumfunga msomaji kwa sehemu ishirini bila kumchosha, muulize bibi yeyote wa Itilima kabla hujatafuta mafunzo ya kulipia.

Je, wajua kwamba hata namna ya kumpata mshindi mtandaoni haitamshangaza Msukuma? Baada ya mavuno, kundi la Bagika na la Bagalu hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma yake, na watazamaji huhama kwa miguu yao. Mwenye umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Ndiyo maana kuna wanaoingia na chatu shingoni. Majukwaa ya kusomea yanafanya vivyo hivyo: hakuna jopo, kuna hesabu ya waliosoma na waliokimbia. Huko kwenye majukwaa, chatu ni kichwa cha hadithi na aya ya kwanza.

Umati huo unaweza kuwa wa kutisha. Japani, mwaka 2007, vitabu vitano kati ya riwaya kumi zilizouzwa zaidi vilikuwa vimeanza kama riwaya za simu. Mmarekani Anna Todd alianza kurusha riwaya yake After kwenye jukwaa la Wattpad mwaka 2013, sehemu kubwa akiichapa kwa vidole kwenye simu yake, na mwaka 2019 ikawa filamu. Lakini usisome mfano huo bila kusoma na huu: Wattpad yenyewe, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2006, iliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya Naver ya Korea Kusini kwa zaidi ya dola milioni 600. Wengi wa waandishi walioijaza hadithi walikuwa wameandika bure.

Mtunzi wa Kitanzania ana njia yake, na kwa maoni yangu ni ya ujanja kuliko ya Toronto. Sehemu za mwanzo ni bure kwa kila mtu. Ikifika mahali pabaya, pale ambapo mke amegundua lakini hajasema, anatangaza kuwa anayetaka yote atume shilingi 1,000 au 2,000 kwenye namba ile ya juu, apokee faili lote WhatsApp. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na bila huduma za aina hiyo sidhani kama biashara hii ingekuwepo. Tatizo ni kwamba faili likishatoka halina breki. Mnunuzi mmoja analisambaza grupu zima, mwingine anafuta jina la mtunzi na kuweka lake. Ndiyo sababu wazoefu huchomeka jina na namba katikati ya sura pia, ili mwizi apate kazi ya kutafuta.

Je, wajua kwamba hakimiliki haisubiri uende ofisini? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi mkikutana mahakamani. Namba ya ISBN ni jambo jingine, hiyo inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na anayefikiria kufungua tovuti yake mwenyewe aulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni, na ada zake kwa jumla zilipita shilingi milioni 2. Zimerekebishwa tangu hapo, basi usitegemee ulichosikia mwaka ule.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza hulijua wakiwa wamechelewa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ilimpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na kazi zilizoshinda huchapwa zipelekwe shuleni. Mashindano mengi ya uandishi hutaka mswada usiowahi kuchapishwa, na sehemu uliyorusha grupuni inaweza kuhesabiwa kuwa imechapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kabla hujabonyeza kutuma. Ukiwa na hadithi mbili, peleka moja kwa umati na nyingine iache kwenye daftari hadi dirisha la maombi lifunguliwe.