Pembe Iliyolala

Kabla sijawasimulia habari za gari la Mwalimu, nendeni mkalete pampu ya baiskeli. Zibeni tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukumeni mpini kwa nguvu. Mnasikia hewa inavyokisukuma kidole? Hiyo ndiyo mafundi huita kompresheni, na darasani mtaambiwa ni mgandamizo. Injini ya petroli huishi kwa kitendo hicho. Hubana hewa iliyochanganyika na petroli hadi ikose pa kwenda, ndipo plagi ipige cheche. Hewa ikivuja kabla ya cheche, moto unakuwa wa kinyonge na gari halina nguvu.

Sasa ifungueni pampu. Mwisho wa ile fimbo kuna kipande cha ngozi cha mviringo. Kikikauka, hewa hupita pembeni, nawe utapampu hadi jasho likutoke na tairi lisijae. Wazee wa baiskeli hudondoshea ngozi ile tone la mafuta, na papo hapo pampu inabana tena. Likumbukeni tone hilo, maana litakuja kutudanganya.

Mwalimu anakaa Kamakwa na anafundisha mjini Nyeri. Alinunua Mazda RX-8, gari jekundu lililotumika Japani kabla ya kuteremshwa Mombasa. Kila asubuhi aliliwasha likiwa baridi, na baridi ya Nyeri mwezi wa Julai mnaijua, akaenda nalo mjini dakika chache, akalizima kabla halijapata joto. Jioni vivyo hivyo. Baada ya muda likaanza vituko. Asubuhi linawaka bila shida, lakini Jumamosi akitoka Karatina na kusimama kuweka petroli, injini ikiwa moto, stata inazunguka tu na gari haliwaki. Vijana wa kituo cha petroli walilisukuma mara mbili. Mara ya tatu wakataka chai kwanza.

Gereji moja ilipima kompresheni, ikafungua kitabu, ikamwambia injini imekufa, atafute nyingine. Ndipo akaja kwa mjomba wangu. Mimi nilikuwa likizoni, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Injini hiyo haina pistoni inayopanda na kushuka kama ya matatu. Ndani yake kuna rota mbili, na kila rota ni kama sambusa nene ya chuma yenye pembe tatu na mbavu zilizotuna kidogo. Huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la karanga yenye punje mbili, kilichobonyea katikati. Rota inapozunguka, pembe zake zote tatu haziachi kugusa ukuta, na nafasi kati ya kila ubavu na ukuta hupanuka na kubanwa, hupanuka na kubanwa. Hapo ndipo hewa inavutwa, inabanwa, inachomwa na kutolewa nje. Aliyebuni injini hii ni Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwashwa mwaka 1957 katika kampuni ya NSU.

Mtaniuliza, chuma kinaufuataje ukuta uliopinda bila kuacha mwanya? Kwenye ncha ya kila pembe kumechongwa mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji mna kipande cha chuma kinachoitwa sili, kimekalia springi. Springi inasukuma sili iguse ukuta wakati wote. Hiyo ndiyo ngozi ya pampu yetu. Sili ikiganda ndani ya mfereji wake, hewa ya ubavu mmoja huvujia kwa jirani.

Sili hizi ziliwatesa Wajapani kabla hazijamtesa Mwalimu. Mazda walipoanza kuijaribu injini hii miaka ya 1960, pembe zilitetema na kuukwaruza ukuta mikunjo kama ya bati. Wahandisi wakaiita mikwaruzo hiyo kucha za shetani. Kikosi cha wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto kilihangaika nayo hadi wakapata sili ya kaboni iliyochanganywa na alumini, na mwaka 1967 gari lao la Cosmo Sport likaanza kuuzwa. Kwa hiyo injini hii iliokolewa na kaboni. Miaka mingi baadaye, kule Kamakwa, kaboni ya aina nyingine ikaja kuinyonga.

Injini ya rota hunywa oili kwa makusudi. Kuna pampu ndogo inayodondosha oili ndani ya chumba ili sili zisikauke, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Injini ikiwa moto na ikizunguka kwa kasi, huungua sawasawa na kutoka na moshi. Ikiwa baridi, hubaki masizi, na masizi ndiyo kaboni yenyewe. Masizi yakipikwa kila siku yanageuka ukoko mgumu, kama wa sufuria ya uji iliyosahaulika jikoni, na ukoko huo hujaa kwenye mifereji ya sili. Springi inasukuma, sili haitoki.

Mjomba hakufungua kitabu kwanza. Aling'oa plagi za chini, akaniambia nikae kwenye usukani, nikanyage mafuta hadi mwisho ili petroli isiingie, kisha nipige stata. Injini nzima ya aina hii hupumua puf, puf, puf, kwa uzito ulio sawa, kwa kuwa kila rota ina mbavu tatu. Rota ya nyuma ikapumua hivyo. Ya mbele ikatoa puf moja nzito na mbili nyepesi, moja nzito na mbili nyepesi, kama mtu anayechechemea.

Akafunga geji. Geji ya kawaida hushika pumzi iliyo kubwa kuliko zote na kuficha zile dhaifu, kwa hiyo alitoa vali yake ndogo ili sindano iruke kila pumzi. Inaruka haraka mno kwa jicho, basi nikairekodi kwa simu na kuicheza polepole. Rota ya nyuma: paundi 88, 86, 87. Ya mbele: 86, 62, 60.

Kitabu cha gari kinasema kipimo kisipungue paundi 99 hivi, stata ikiizungusha injini mara 250 kwa dakika. Hakuna hata pumzi moja iliyofika huko, na ndiyo maana ile gereji ya kwanza ilitangaza msiba.

"Kitabu kimeandikiwa watu wa pwani," mjomba akasema. "Sisi tuko mlimani."

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Ndiyo sababu maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na ndiyo sababu cucu hulaumu kuni githeri inapochelewa kuiva, ilhali kuni hazina kosa. Injini inayovuta hewa nyepesi hubana hewa nyepesi. Punguza moja ya tano kutoka 99 utapata kama 80. Kwa kipimo cha Nyeri, rota ya nyuma ilikuwa nzima, na ya mbele ilikuwa na ubavu mmoja mzima na miwili mibovu.

Chukueni penseli mchore pembetatu. Kila pembe inapakana na mbavu mbili. Ikiwa mbavu mbili zinavuja kwa pamoja, mnadhani kosa liko wapi? Mjomba aliweka kidole kwenye pembe iliyo kati yao. "Hii imelala," akasema. "Mwalimu, kama imelala tutaiamsha. Kama imelika, nitakwambia ukweli, na tutafungua injini yote."

Jioni ile alimimina mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki kupitia matundu ya plagi za rota ya mbele, kama kikombe kidogo cha kahawa hivi. Kisha kila baada ya saa moja alishika spana ndefu na kuizungusha shafti mzunguko mmoja kamili. Shafti ikizunguka mara tatu, rota huzunguka mara moja tu, kwa hiyo kila mzunguko wa spana ulileta ubavu mwingine kwenye mafuta. Aliiacha ilale hivyo hadi asubuhi.

Asubuhi tuliziba matundu kwa matambara, tukapiga stata. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami, na chembe zake zilikwaruza kati ya vidole kama mchanga. Plagi mpya zikafungwa, injini ikawaka, na moshi mweupe ukafunika gereji hadi muuza mahindi wa ng'ambo akahamisha jiko lake huku akitutukana kwa Kikuyu safi. Injini ilipopata joto, mjomba aliivutisha maji kidogo kidogo kwa kipira chembamba. Maji yakigusa chuma cha moto hugeuka mvuke, na mvuke hubandua ukoko. Yakizidi yanaweza kuivunja injini, kwa hiyo msijaribu nyumbani, hata kama baba amesafiri.

Tuliporudisha geji, rota ya mbele ilisoma 91, 90, 90. Mwalimu alitaka kulipa na kuondoka akiimba. Mjomba akamkatalia. Injini iliyojaa mafuta hubana vizuri hata kama sili zimelika, kama ile ngozi kavu iliyodondoshewa tone. Nawajua mafundi wanaouza magari kwa ujanja huo.

Basi tukaliendesha kwenda Nanyuki kupitia Kiganjo na Naro Moru, gia ya chini, injini ikilia juu, mafuta ya jana yakiungua njiani. Nanyuki tuligeuzia penye kibao cha ikweta, ambapo vijana huwaonyesha watalii maji yakizunguka kulia upande huu wa mstari na kushoto upande ule. Mjomba alitazama, akacheka. "Angalia anavyomimina," akaninong'oneza. Kumbe mkono ndio unaoyazungusha.

Mwalimu aliambiwa aendeshe wiki nzima, na asizime gari kabla halijapata joto, kisha arudi. Aliporudi tulibadilisha oili, tukapima. Nyuma, 88, 86, 87. Mbele, 86, 82, 81.

"Itadumu hadi lini, Fundi?" akauliza.

"Sili nimezisafisha, Mwalimu, sikuzirefusha," mjomba akamjibu. Akayaandika yale mapigo sita kwa chaki ndani ya mlango wa kabati la spana, na chini yake akaandika: Nyeri, 80. Desemba tutapima tena.