‘Meno ya plastiki’ hayapo: Usitoke kliniki kabla hujaelewa

Dar es Salaam. Mtoto ana miezi sita. Leo ni siku ya tatu anaharisha, mwili una joto na usiku kucha amelia. Mama anamfungua mdomo kwa mwanga wa simu na kuona uvimbe mweupe kwenye fizi, pale ambapo jino la chonge litaota. Jirani anachungulia, anatikisa kichwa: “Hayo ni meno ya plastiki. Wahi yatolewe, mtoto atakufa.”

Mazungumzo ya namna hii si mageni kwa wazazi wa Dar es Salaam, awe anayeishi Wazo karibu na kiwanda cha saruji au Mbagala upande wa pili wa jiji. Kuanzia hapo njia ni mbili. Ya kwanza inaelekea kwa mtu atakayechimbua fizi za mtoto kwa spoku ya baiskeli, msumari au kisu. Ya pili inaelekea zahanati.

Mzazi aliyewahi kukaripiwa mbele ya foleni hachagui zahanati kwa urahisi. Ndiyo maana namna daktari wa meno au wa macho anavyozungumza na mzazi ni sehemu ya tiba, sawa na dawa yenyewe.

Ni jino la kawaida

Uvimbe ule mweupe ni jino la chonge la utoto likiwa bado changa ndani ya fizi. Kwa kawaida jino hilo hutokeza mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 16 na 23. Kabla ya hapo fizi inaweza kuvimba kidogo na kuonekana nyeupe bila ugonjwa wowote.

Likichimbuliwa, mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata maambukizi kwenye damu, pepopunda au hata virusi vya Ukimwi kutokana na kifaa kilichotumika kwa mtoto mwingine. Wapo watoto waliopoteza maisha. Anayepona anaweza kubaki na pengo, au jino lake la ukubwani likaota limeharibika, kwa sababu chipukizi lake hukaa jirani na lile la utoto.

Wataalamu wa meno nchini wamekuwa wakiandika kuhusu tatizo hili tangu miaka ya 1980, wakati huo likifahamika pia kama “meno ya nailoni”. Uganda huitwa ebiino. Miaka zaidi ya 40 ya kusema “acheni” haijalimaliza.

Kwa nini imani haifi

Imani hii inaonekana kuwa na ushahidi. Mtoto akifika miezi sita, mambo kadhaa hutokea kwa wakati mmoja. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua, anaanza kula uji na vyakula vingine, anatambaa na kuweka kila kitu mdomoni. Kuharisha kunaongezeka katika miezi hiyohiyo ambayo fizi zinavimba. Mzazi anaviona vyote viwili na kuviunganisha.

Kisha meno yanachimbuliwa, na baada ya siku chache kuharisha kunakoma. Kuharisha kwingi hukoma kwenyewe ndani ya siku chache, lakini sifa anapewa aliyechimbua. Mtoto akifariki, huambiwa kwamba alicheleweshwa.

Mama aliyeyaona haya kwa macho yake hawezi kubadilishwa kwa kuambiwa “huo ni ujinga”. Anahitaji kuelezwa kwa nini alichokiona kilitokea.

Daktari aanze kwa kusikiliza

Mhudumu mzuri huanza kwa swali: “Mama, wewe unadhani mtoto anasumbuliwa na nini? Nyumbani wanasemaje?” Jibu linamwonyesha pa kuanzia. Huenda tatizo si mama, ni bibi au baba mwenye kauli ya mwisho. Basi aombwe kuja siku inayofuata, au azungumze na daktari kwa simu.

Pili, amwonyeshe. Kioo kidogo au picha ya meno ya utoto vinatosha kumwonyesha mama kwamba uvimbe ule ndipo chonge litakapotokea.

Tatu, ampe cha kufanya. Mama aliyekuja na mtoto anayeharisha akiambiwa tu “usitoe meno”, anaondoka mikono mitupu huku mtoto bado anaharisha. Aelekezwe kuchanganya ORS kwa maji safi na salama, kumpa zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma mapema, na kuendelea kunyonyesha. Ajue pia dalili za kukimbia hospitali: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege au kinyesi kina damu.

Mwisho, apime kama ameeleweka. “Umeelewa?” haisaidii, kwa sababu karibu kila mtu hujibu “ndiyo, daktari”. Ni bora aulize: “Ukifika nyumbani bibi akikuuliza daktari kasemaje, utamwambia nini?” Mama akikwama, basi maelezo hayakutosha, na kazi ya kurudia ni ya daktari.

Miwani ya bure isiyovaliwa

Kwenye chumba cha daktari wa macho hali ni hiyohiyo. Utafiti uliofanyika katika shule za sekondari jijini Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wanafunzi wenye uoni hafifu. Kundi moja lilipewa miwani bure, jingine lilipewa karatasi ya vipimo wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakitumia miwani au kuwa nayo shuleni walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na asilimia 26 katika kundi la pili.

Fedha, kwa hiyo, ni kikwazo, lakini hata waliopewa bure, zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Wanafunzi walipoulizwa, sababu zilizotajwa ni pamoja na kuchekwa na wenzao na hofu ya wazazi kwamba miwani itawaharibu macho.

Hofu hiyo hujibiwa kwa dakika tano tu. Miwani iliyopimwa vizuri hailegezi macho ya mtoto. Inamwezesha kuona ubao leo. Daktari anayemkabidhi mtoto miwani bila kuzungumza na mzazi anaweza kuwa ameikabidhi kabati.

Maelezo yanahitajika pia kwenye dawa. Macho yanayowasha kwa mzio humfanya mzazi anunue tena na tena matone yaliyomsaidia mara ya kwanza. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, ambayo ikitumika muda mrefu bila usimamizi inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mzazi aambiwe wazi ni dawa gani, atumie siku ngapi na aache lini. Maziwa ya mama, majani ya chai na dawa za mitishamba visiwekwe machoni.

Doa jeupe kwenye picha

Ipo dalili moja ambayo mzazi anaweza kuigundua kwa simu yake. Ukimpiga mtoto picha kwa flashi, mara nyingi mboni zote mbili hung’aa nyekundu. Mboni moja ikirudia kung’aa nyeupe, au ukiona weupe ndani ya mboni hata bila picha, mpeleke akapimwe bila kusubiri. Fanya hivyo pia akiwa na makengeza yasiyoisha.

Wakati mwingine ni pembe ya picha tu. Lakini weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye kwa mtoto mchanga akichelewa kuondolewa ubongo haujifunzi kuona vizuri. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa hutibika, na wakati mwingine hata jicho huokolewa. Ikichelewa huchukua maisha.

Mkazi wa Wazo anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya, akaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na ikibidi Muhimbili au CCBRT, Msasani. Mhudumu anayeandika rufaa aeleze ni ya nini, na ni ya kesho au ya mwezi ujao. Mtoto mwenye doa jeupe anacheza na kula kama kawaida. Mama asiyejua uzito wa karatasi aliyopewa ataisubirisha hadi apate nauli.

Maswali manne kabla ya kuinuka

Mzazi naye asisubiri kuelezwa. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, uliza: Mtoto wangu ana tatizo gani? Nifanye nini nikifika nyumbani? Dalili gani ikitokea nirudi haraka? Nisipofanya ulivyoniambia, nini kitatokea?

Yaandike kwenye simu, hata nyuma ya kadi ya kliniki. Kuuliza si utovu wa heshima, na daktari anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa.

Jioni, jirani atakapokuja tena kuchungulia mdomo wa mtoto, mama awe na jibu: “Ni chonge linajiandaa kuota. Kuharisha ndiko kunakotibiwa, na dawa ninayo.”