Tangazo la Umma na Tangazo la Biashara Redioni

Neno "tangazo" katika Kiswahili hubeba dhana mbili: kuarifu umma na kunadi bidhaa. Redioni, mpaka baina ya dhana hizo haupimwi kwa malipo pekee. Kwa miaka mingi, matangazo ya vifo katika Idhaa ya Kiswahili ya KBC yalilipiwa na wafiwa, ilhali hayakunadi chochote. Yaliwafahamisha jamaa kuhusu msiba na mazishi. Aidha, wito wa kunawa mikono kwa sabuni ni huduma kwa umma, lakini pindi sabuni fulani itajwapo kwa jina, msikilizaji hugeuzwa mnunuzi. Kigezo cha msingi, basi, ni mnufaika. Ndiposa mfadhili hana budi kutajwa bayana. Asipotajwa, msikilizaji hudhani ameelimishwa, kumbe ameshawishiwa kununua.