Karatasi Inayouliza

Sogeeni karibu, wapwa wangu. Leo nina kisa cha karatasi. Ni karatasi moja tu, haina picha wala rangi za kupendeza. Lakini ikiuliza, hata madaktari husimama wakajibu.

Kwanza, mnaukumbuka ule pilau wa shughuli uliotushinda kula? Shangazi alipita, akatia chumvi. Mama mdogo naye akapita, akatia chumvi. Wote wawili wapishi hodari! Mikono yao haikuwa na kosa. Ila hakuna aliyeuliza, "Chumvi imeshatiwa?"

Chumba cha upasuaji ni kama jiko la shughuli. Mgonjwa mmoja, watu wengi. Yuko daktari wa upasuaji, anayepasua na kushona. Yuko mtaalamu wa usingizi, anayempa mgonjwa nusu kaputi na kuilinda pumzi yake. Wako wauguzi, wanaotayarisha vifaa na kuvihesabu.

"Mjomba, si husemwa manahodha wengi chombo huenda mrama?"

Hongera, mwanangu, hilo ndilo swali! Ndiyo maana karatasi ikaandikwa. Haya, tuisikilize yenyewe.

"Mimi nilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Nina mambo 19 ya kuhakikisha. Nauliza mara tatu.

"Mara ya kwanza, kabla mgonjwa hajalazwa usingizi. Jina lako nani? Unapasuliwa wapi, mguu wa kulia au wa kushoto? Kuna dawa inayokudhuru?

"Mara ya pili, kabla kisu hakijagusa ngozi. Hapo wote husimama. Daktari mkubwa husimama. Muuguzi aliyeanza kazi juzi husimama. Kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake."

"Mjomba, kwani hawajuani?"

Siku nyingine hawajuani, maana zamu hubadilika. Tena kuna jambo jingine. Mgeni akiingia uani kimyakimya, huona haya hata kuomba maji. Akishapiga hodi na kusalimia, ulimi humfunguka. Na muuguzi ni vivyo hivyo. Akishataja jina lake mbele ya wenzake, haoni haya kusema anapoona jambo haliendi sawa.

Karatasi ikaendelea:

"Mara ya tatu, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Muuguzi anahesabu sindano. Anahesabu mikasi. Anahesabu vitambaa vya kufyonza damu. Viliingia kumi. Kimoja, viwili, vitatu... tisa. Tisa? Anapaza sauti: 'Daktari, bado kimoja!' Daktari hakasiriki. Anaweka uzi chini, anatafuta. Wengine wanatazama kwenye ndoo, wanainama chini ya meza. Kumbe kile pale! Kimelowa, kimejikunja kwenye shuka. Kumi! Sasa tunajua hakuna kilichosahauliwa tumboni."

"Mjomba, kwa hiyo karatasi inaponya?"

Swali zuri sana! Karatasi haishiki kisu, haitoi dawa. Kazi yake ni kuwafanya watu wasemezane. Aonaye aseme, asikiaye ajibu. Ukiijaza haraka haraka bila kuulizana, haina faida.

Walioitengeneza waliijaribu katika hospitali za miji 8 duniani. London ilikuwamo. Manila ilikuwamo. Na Ifakara ilikuwamo, hapa kwetu Morogoro, kwenye bonde la mpunga la Kilombero! Matokeo yakatangazwa mwaka 2009. Kabla ya karatasi, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, kama 15 walifariki. Baada ya karatasi, kama 8. Hebu toeni nane katika kumi na tano. Wanabaki saba. Hao saba ni mama wa mtu, ni kaka wa mtu, waliorudi nyumbani.

Manahodha ni wengi, naam. Lakini wakisimama na kuulizana, chombo hakiendi mrama.

Basi, wapwa wangu, siku ukienda hospitali, muuguzi atakuuliza jina. Daktari naye atakuuliza. Kisha mtaalamu wa usingizi atakuuliza tena. Usinung'unike ukasema, "Nimeshajibu." Hawajasahau, wanakulinda. Jibu kwa sauti, kila mara. Na ukiona mguu unaooshwa si ule unaouma, usinyamaze kwa kuwa wewe ni mdogo. Sema.