Mpira wa Kikapu: Ushindi Hupimwa kwa Uzito wa Mpinzani

Katika kambi na vituo vyetu, ubishi juu ya timu za shule haukomi. Mmoja hujigamba kwamba timu ya shule ya kwao haijafungwa mwaka mzima. Mwingine hujibu kwamba ya kwao imefungwa mara tano, lakini ndiyo iliyo bora. Ndugu wasomaji, huyu wa pili asichekwe kabla ya kuulizwa swali moja: timu hizo zilicheza na nani?

Nchini Marekani, ambako mchezo huu ulizaliwa mwaka 1891, timu ya shule ya sekondari huwa na mechi za namna mbili. Za kwanza ni za kundi lake, nazo hupangiwa. Za pili ni za nje ya kundi, ambazo aghalabu shule huzitafuta yenyewe. Hizo ndizo zifichuazo moyo wa mwalimu: yuko atafutaye wanyonge ili ajilimbikizie ushindi, na yuko abishaye hodi kwa mabingwa.

Ili kuwapambanua wawili hao, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya nchi hiyo kilianza kutumia kipimo maalumu mwaka 1981. Robo ya alama ilitokana na ushindi wa timu yenyewe, nusu na ushindi wa wapinzani wake, na robo iliyobaki na ushindi wa wapinzani wa wapinzani hao. Kwa wanaume kipimo hicho kiliachwa mwaka 2018, lakini hekima yake ingali hai.

Tupige hesabu ya mfano. Shule ya kwanza imeshinda mechi 9 kati ya 10, lakini wapinzani wake wameshinda asilimia 30 tu ya mechi zao, na wapinzani wa hao asilimia 40. Inapata alama 47.5. Shule ya pili imeshinda 5 tu kati ya 10, lakini wapinzani wake wana asilimia 70, na wa hao asilimia 60. Inapata 62.5. Aliyefungwa mara tano amempita aliyefungwa mara moja!

Hata hivyo, kipimo hiki kina upofu wake, na hapo ndipo tunapoikumbuka Bweyeye. Tarafa hiyo ya Wilaya ya Rusizi iko ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, jirani na mpaka wa Burundi. Tuseme shule za pembe kama hiyo zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Kila ushindi wa mmoja ni kushindwa kwa jirani yake; kwa hiyo kundi zima litaonekana la wastani, nusu kwa nusu, hata kama vijana wote ni simba. Mechi moja tu na shule ya ng'ambo ya msitu ni daraja: huwaunganisha wote na mizani ya taifa. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki yalifanyika Huye, ng'ambo hiyo, mwaka 2023. Lakini mgeni wa mashindano hawezi kumwona kijana ambaye timu yake haikupata kutoka nyumbani.

Sisi wenye sare tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 2024 timu ya APR, ya jeshi la Rwanda, ilikwenda Dakar katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, ikakutana na Monastir ya Tunisia, Douanes ya Senegal na Rivers Hoopers ya Nigeria. Haikuvuka hatua hiyo, ingawa ilikuwa bingwa nyumbani. Mwaka 2025 ilirudi kwenye ligi hiyo na kumaliza ya tatu barani. Anayetazama idadi ya vipigo vya Dakar peke yake hajui alichokitazama.

Basi yatupasa mambo mawili. Tunapochagua vijana wa timu zetu, tusisome safu ya ushindi bila kusoma majina ya walioshindwa, wala bila kuuliza shule ile iliweza kusafiri hadi wapi. Na kikosi chenye uwanja na gari, kilicho karibu na shule za mbali, kizialike mechi ya kirafiki, kisha kizisindikize kwenda kukutana na wenzao wa upande wa pili wa msitu.