Kutoka Usukani wa Ndege hadi Doria ya Usiku: Afya ya Mtu Anayebadili Kazi

Mwaka 2020 idadi ya abiria wa ndege duniani ilishuka hadi takribani bilioni 1.8, kutoka bilioni 4.5 mwaka uliotangulia, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Ndege ziliegeshwa viwanjani na maelfu ya marubani wakabaki nyumbani. Nchini Uingereza, shirika la Flybe lilianguka mwezi Machi mwaka huohuo. Wakati huo serikali ya nchi hiyo ilikuwa inatekeleza mpango, uliotangazwa mwaka 2019, wa kuongeza askari polisi 20,000 katika England na Wales. Mpango huo ulikamilika Machi 2023. Miongoni mwa waliovaa sare mpya walikuwamo watu waliowahi kurusha ndege za abiria.

Kwa mtazamaji, hayo ni mabadiliko ya ajira tu. Kwa mtaalamu wa afya, ni badiliko linalogusa usingizi, moyo, akili na heshima ya mtu. Anayelielewa vyema ataweza pia kumhudumia dereva wa lori aliyegeuka mlinzi, au muuguzi aliyehamia kazi nyingine.

Cheti kinachotawala maisha

Rubani wa ndege za abiria haendeshi ndege kwa leseni pekee. Ni lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa baada ya kupimwa macho, masikio, moyo, shinikizo la damu na hali ya akili. Kwa kanuni za ICAO, zinazofuatwa pia na mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, kwa kawaida cheti hicho hudumu miezi 12, na baada ya umri wa miaka 60 hudumu miezi 6. Afikishapo miaka 65, rubani haruhusiwi tena kurusha ndege za kibiashara katika safari za kimataifa.

Utaratibu huo huwalinda abiria, lakini una kivuli chake. Mtu ambaye riziki yake hutegemea jibu la daktari hujifunza kupima maneno yake mbele ya daktari. Maumivu ya kifua huitwa kiungulia, na huzuni huitwa uchovu. Hatari ya ukimya huo ilidhihirika tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings ilipoangushwa kwa makusudi na rubani msaidizi katika milima ya Alps nchini Ufaransa, watu 150 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa mgonjwa wa akili na hakumwarifu mwajiri wake. Baada ya msiba huo, Ulaya iliweka sharti la tathmini ya kisaikolojia kabla ya rubani kuajiriwa, na mashirika yakatakiwa kuwa na mpango wa marubani kusaidiana wao kwa wao.

Ni muhimu kukumbuka kwamba wengi mno wa watu wenye sonona hawamdhuru mtu yeyote. Fundisho la mkasa ule ni kwamba ugonjwa unaofichwa hautibiwi. Mtu anapoacha urubani, huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi kuzungumza na daktari bila hofu ya cheti. Mtoa huduma asiipoteze nafasi hiyo.

Usiku wa aina mbili

Wengine hudhani kwamba aliyezoea safari za usiku hatatikiswa na zamu za polisi. Mwili haufanyi hesabu hiyo. Ndani ya ubongo mna saa inayoongoza usingizi, joto la mwili na homoni, na saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga. Rubani anayevuka maeneo ya saa tofauti huumia kwa siku chache, lakini akikaa huko, jua la ugenini humsaidia: kwa kadirio la kawaida, mwili hujirekebisha kwa saa moja hivi kila siku. Askari wa zamu hana msaada huo. Anapotoka doria alfajiri, jua humwambia mwili wake uamke wakati yeye anatafuta kitanda. Kabla hajazoea, zamu hubadilika tena.

Kuna tofauti nyingine. Katika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, saa za kuruka zimewekewa ukomo: zisizidi 100 katika siku 28, wala 900 katika mwaka mmoja. Saa za askari huweza kurefushwa na tukio ambalo halikupangwa, na baada ya tukio hufuata maandishi na mahakama.

Kazi ya zamu za usiku si jambo dogo kiafya. Mwaka 2007, na tena mwaka 2019, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani kwa binadamu. Imehusishwa pia na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Wauguzi na madaktari wanaosoma makala haya watajitambua humo.

Macho yanayoona mengi

Rubani hufunzwa kukabili dharura kwenye mtambo wa mazoezi, na wengi hustaafu bila kukutana na ajali halisi. Askari hukutana na mauti akiwa bado mgeni kazini: ajali za barabarani, watoto waliopigwa, maiti zilizokaa siku nyingi. Aliyekuwa akiamuru chumba cha marubani sasa ni mwanafunzi anayeelekezwa na mtu aliye mdogo kwake kwa umri.

Ndoto mbaya, kushtuka ovyo na kukwepa mahali pa tukio ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua yenyewe. Yakizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi au ndoa, yahitaji uchunguzi wa ugonjwa wa kiwewe. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, unasisitiza kumsikiliza mtu, kumpa utulivu na kumuunganisha na msaada, bila kumlazimisha asimulie yaliyompata.

Hata kuondoka penyewe kuna majonzi. Aliyeacha kwa hiari na aliyeachishwa hutofautiana kwa uchungu, lakini wote wawili wamezika jina walilojulikana nalo. Kuomboleza si ugonjwa. Huzuni ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hamu ya mambo yote ikatoweka na mawazo ya kujiua yakaingia, hapo tiba haipaswi kungoja.

Akiba anayokuja nayo

Asiyeruka tena haji mikono mitupu. Baada ya ndege mbili kugongana huko Tenerife tarehe 27 Machi 1977 na kuua watu 583, usafiri wa anga ulijifunza kumpa mdogo ruhusa ya kumwonya mkubwa, na tangu kabla ya hapo ulithamini orodha ya ukaguzi kuliko kumbukumbu ya mtu. Tiba iliazima hekima hiyo. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Askari mwenye malezi hayo anaweza kuwa msaada kwa wenzake.

Ya kufanya

Mtoa huduma amuulize mgonjwa kazi anayofanya sasa na aliyoiacha, kisha aulize usingizi, pombe na dawa za kulalia anazonunua mwenyewe. Apime shinikizo la damu, sukari na uwezo wa kusikia. Aeleze mapema ni habari zipi zitabaki siri na zipi zaweza kumfikia mwajiri. Ukweli huo ndio unaojenga imani.

Mgonjwa naye, kabla ya kusaini mkataba mpya, ajue masharti ya afya ya kazi anayoiendea, apate nakala za vipimo vyake vya zamani, na azungumze na familia kuhusu zamu na kipato. Anapotoka zamu ya usiku, alale katika chumba chenye giza na kimya, aache kahawa saa kadhaa kabla ya kulala, na asiendeshe gari akiwa na usingizi. Na anapoulizwa hali yake, aseme kweli. Kazi huweza kutafutwa upya. Ugonjwa uliofichwa hukua gizani.