Goti, Uzi na Jiwe: Kuipima Baiskeli Nyumbani

Alfajiri, katika barabara iingiayo Mwanza kutoka Kisesa na Igoma, hupita waendesha baiskeli wa kila namna: mwenye magunia ya mkaa, mwenye madumu ya maziwa, mwanafunzi aliyefunga madaftari yake kwenye keria. Msomaji akiwatazama magoti ataona kwamba wengi wameketi chini mno. Goti hupanda karibu na tumbo, wala halinyooki hata pedali ifikapo chini kabisa. Jioni mtu huyo huumwa mbele ya goti, na lawama huipa milima.

Milima haina kosa kubwa. Kadiri goti linavyokunjwa likiwa na mzigo, ndivyo pia ya goti inavyogandamizwa juu ya mfupa wa paja. Na katika mwendo wa saa moja mguu huzunguka maelfu ya mara. Kiti kilicho juu mno nacho kina madhara yake: nyonga huyumba huku na huku, na maumivu huhamia nyuma ya goti.

Mwaka 1967, huko Uingereza, watafiti Hamley na Thomas walipendekeza kwamba, kwa kazi ya nguvu ya muda mfupi, kimo cha kiti kiwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa upande wa ndani. Kipimo hiki hakihitaji chombo cha thamani. Simama pekupeku, mgongo ukutani. Weka kitabu cha jalada gumu katikati ya miguu, uti wake ukielekea juu, ukivute hadi kigote kama unavyoguswa na kiti. Mwenzako apige alama ya chaki ukutani, kisha apime kutoka sakafuni kwa utepe wa fundi cherehani. Ikiwa ni sentimeta 80, basi 80 × 1.09 = 87.2. Huo ndio umbali kutoka ekseli ya pedali iliyo chini kabisa hadi juu ya kiti.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu, kwani nyayo na viatu hutofautiana. Kwa hiyo tufanye uhakiki. Mpandaji akiegemea ukuta, mkono wa pedali ukiwa chini, tia alama za chaki kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu. Kwa kipimapembe cha mkebe wa hesabu, pima goti limepungua nyuzi ngapi kutoka mstari ulionyooka. Kati ya 25 na 35 panafaa. Rekebisha kiti kwa milimita 5 kila mara, si zaidi, nawe uendeshe siku kadhaa kabla ya kukigusa tena. Nguzo ya kiti isivutwe kupita alama yake ya mwisho.

Sasa fungia jiwe dogo kwenye uzi, upate timazi. Mikono ya pedali ikilala sawa na ardhi, uzi ushukao kutoka mbele ya goti huangukia karibu na ekseli ya pedali ya mbele. Wengine huifanya kanuni hii kuwa sheria ya maumbile. Mimi naiona ni desturi njema tu.

Wachezaji wa triathloni huivunja makusudi. Mchezo huo, ulioanza kwa jina hilo San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, katika umbali wa Olimpiki una kuogelea kilometa 1.5, baiskeli kilometa 40 na mbio kilometa 10. (Anayeogelea ziwani asisahau kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye magugu.) Siku isiyo na upepo, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa huongezeka mara nne, hivyo mshindani huinama. Lakini akiinama tu, paja hugonga tumbo na pumzi hubanwa. Dawa yake ni kukisogeza kiti mbele, na kukiinua kidogo ili umbali wa pedali usipungue. Mwili wote huzunguka kama karatasi iliyochomwa pini moja, na nyonga hubaki wazi kwa ajili ya mbio zijazo.

Ikiwa ndugu wawili wanatumia baiskeli moja, kila mmoja apake mstari wake kwenye nguzo ya kiti kwa rangi ya kucha, na spana ikae mfukoni.